Vidole kwenye Paja la Nahodha

Kufikia miaka ya themanini, Portgarvie, bandari ya zamani ya wavuvi, ilikuwa imebakiwa na boti za starehe tu, na pale mapipa ya samaki wa heringi yalipokuwa yakitengenezwa palikuwa na mkahawa. Murdo Slater, aliyeacha shule mapema akajisomea mwenyewe, hakuusamehe mji kwa hilo. Boti zote za zamani alizijua kwa majina na manahodha wake, na picha zake alizitundika katika chumba cha makumbusho kando ya kanisa. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya baba yake, nahodha, amekaa wima, kiko cha tumbaku mdomoni, bahari nyuma yake.

Morven Rennie alitoka chuo kikuu, akiandika kitabu cha wanawake wa pwani ile. Alipouliza habari za wanawake, Murdo alimpa za boti. Akauliza tena, akapewa za boti nyingine.

“Utachoka bure, mwanangu,” alisema Wilma, mfagiaji. “Huyu ukimuuliza mama yake, atakutajia urefu wa mlingoti.”

Morven alicheka, kisha akaisogelea ile picha kubwa.

“Mzee Slater, baba amekalia nini hapa?”

“Boti.”

“Boti yenye vidole?”

Vidole vinne vinene vilikuwa vimelishika paja la nahodha, juu kidogo ya ukingo wa fremu. Murdo alikuwa amejizoeza kutoviona.

Zamani wake wa wavuvi waliwabeba waume zao mgongoni, wakipita kwenye maji ya baridi hadi botini, ili mwanamume aanze safari akiwa na miguu mikavu. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo, mpaka walipokuja wageni wa kiangazi, wakaicheka picha: mwanamke kapandisha sketi, maji mapajani, kabeba mume kama gunia. Usiku ule Murdo alichukua mkasi. Alijiambia anamsitiri mama yake.

“Kipande cha chini kiko wapi?” Morven aliuliza.

“Nilikitia motoni.”

Wilma aliacha kufagia. Masikio ya Murdo yaliwaka. Heri binti angemkaripia. Yeye alishika kalamu tu, akauliza mama aliitwa nani.

“Mke wa nahodha Sla…”

Alijikatiza. Huko mwanamke, hata akiolewa, aliandikwa kaburini kwa jina la kwao, na hata hilo Murdo alitaka kumnyang’anya mama yake.

“Elspet Mair,” alisema, macho sakafuni. “Andika vidole ni vya Elspet Mair. Na aliyemkata, mwandike pia.”