Jina la Bibi Anastazia Katika Marejeo

Siku yangu ya kwanza kufundisha uandishi katika chuo kimoja cha ualimu hapa Kigoma, Mkuu wa Idara alinikabidhi kalamu nyekundu na mwongozo wa kanuni: aya, vituo, alama za kunukuu na marejeo, yaani orodha ya vyanzo alivyotumia mwandishi. Alikuwa mtu wa haki, ila mkali. "Mwalimu," aliniambia, "msomaji asiachwe akijiuliza nani anasema." Nilifanya kazi chini yake miaka mingi.

Mwaka mmoja Editha, mwanafunzi kutoka Mwandiga, aliandika insha kuhusu kukamua mawese. Katikati ya sentensi zake za kawaida ilikuwepo hii: mafuta yakiimba sufuriani, maji bado yamo; yakinyamaza, yameiva. Hakuweka alama za kunukuu wala chanzo. Mkuu akasema ameinakili mahali, na anayenakili hufukuzwa chuo.

Nilimwita Editha. Alilia kwanza, kisha akaeleza kuwa maneno yale ni ya bibi yake, ameyatafsiri mwenyewe kutoka Kiha. Hakujua kwamba mtu ambaye hajaandika kitabu naye hunukuliwa. Nikafungua mwongozo. Kweli, ulitaja vitabu na magazeti tu.

Nikamwomba Mkuu twende Mwandiga kabla ya kikao cha nidhamu. Alisita, akakubali. Tulikwenda na Editha, tukamkuta bibi yake, Bibi Anastazia, uani, sufuria ya mawese ikiwa motoni. Mkuu, Muha mwenzake, alimsalimu kwa Kiha, akamuuliza anajuaje kama mafuta yameiva. Bibi akajibu huku akichochea kuni, na ilikuwa sentensi ileile. Mkuu akamgeukia Editha.

"Rudi ukaandike jina lake."

Editha alibaki chuoni, insha akairudia. Mwongozo nao tukauongezea kifungu cha masimulizi ya mdomo: jina la msimulizi, mahali na mwaka. Nilipopeleka nakala ya insha Mwandiga, Bibi, ambaye hakuwahi kusoma, aliniomba nimwoneshe jina lake lilipo. Akaliwekea kidole, akakaa hivyo kwa muda.

Sasa nimestaafu, naishi Ujiji. Vijana huniuliza kanuni ni za nini tena, wakati simu zinasahihisha vituo zenyewe. Nawakubalia kwamba simu itaweka mkato vizuri kuliko mimi. Lakini haijui ulikaa uani kwa nani ukasikia hayo uliyoyaandika. Hilo ni lako kulisema.