Mwanzi wa Babu Kwenye Mteremko

Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilifanya jambo ambalo wenzangu wa Tunduma bado wananichekea. Niliondoka nyumbani kwangu Chapwa, pale pale Tunduma, asubuhi kwa baiskeli, peke yangu, kwenda kwetu Ibaba. Siku ya kwanza nilikwenda na lami hadi Ileje mjini, nikalala kwa rafiki. Kesho yake niliiacha lami, nikaingia barabara ya changarawe inayopanda msituni. Baiskeli yenyewe ni ile ya matairi manene yenye breki za diski, ukizigusa tu inasimama. Kazi yangu ni kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka, na siku nzima jina langu linaitwa kutoka kila upande. Watu wanadhani ninaendesha baiskeli ili nifurahi. Mimi naendesha ili nisisikie kitu, na katika hilo nina kipaji tangu utotoni.

Nilifika kileleni mchana, mikono imekufa ganzi kwa baridi na kwa mtikisiko wa kokoto. Kuanzia pale barabara inateremka kwa kona kali hadi kijijini kwetu. Nilisimama kunywa maji, na nikajikuta natazama kichaka cha mianzi kando ya njia, nachagua kwa macho mmoja ulionyooka, wenye majani mengi. Nilikuwa nachagua mwanzi wa kukata. Miaka yote hiyo, na macho yangu bado yalikuwa na kazi yao.

Wewe kama hukukulia milimani, ngoja nikueleze. Zamani zetu, mtu akitoka sokoni na gunia la chumvi nyuma ya baiskeli, hakuthubutu kuushuka ule mteremko kwa breki peke yake. Raba za breki zingeisha kabla hajafika katikati. Kwa hiyo alikata tawi kubwa kileleni, akafunga shina lake kwenye keria, majani yakabaki yanaburuzika nyuma. Tawi linashika ardhi, baiskeli inatulia, mtu anashuka salama na vumbi lake. Akifika chini analifungua na kulitupa. Nyumba ya kwanza chini ya mteremko ilikuwa ya bibi yangu, na matawi yote yaliishia uani kwetu. Bibi alikuwa haendi kutafuta kuni. Wanawake wenzake walimtania kwamba aliolewa na mteremko, huyo babu alikuja kama nyongeza.

Babu alikuwa anapeleka viazi kwenye soko la huko mpakani, anarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya kula ya wenye maduka. Alivuka msitu ule peke yake, kupanda akisukuma, kushuka akiburuza. Walioomba kufuatana naye aliwakatalia. Alikuwa akisema ukiwa na mwenzako unasukuma baiskeli kwa mdomo. Katika mfuko wa koti aliniletea maandazi yaliyobondeka, yenye harufu ya sabuni, nami niliyala kama keki ya harusi.

Wenzake wengi walikata matawi ya milingoti, yaani mikaratusi, na sauti yake kwenye mteremko ilikuwa kama mtu anayefagia uwanja. Babu peke yake alitumia mwanzi. Mwanzi ule mtupu ndani uligonga kila jiwe, ko, ko, ko, na nyuma yake majani yanachakacha. Bibi aliusikia ukiwa bado kona za juu kabisa, sisi wengine hatujasikia lolote. Aliinuka, akachochea moto, akabandika maji. Babu akitokea uani, ugali uko mezani, majani ya maboga yaliyoungwa karanga yanatoa mvuke, na maji ya kuoga yako tayari kwenye ndoo. Sikumbuki hata mara moja babu akisema ana njaa. Hakuwa na nafasi ya kusema.

Lakini usidhani nyumba ile ilikuwa na raha tu. Kijana mmoja wa kijijini kamba yake ilikatika kwenye kona, tawi likabaki nyuma, yeye akaenda korongoni na baiskeli yake. Walimpitisha uani kwetu wakiwa wamembeba. Tangu hapo bibi alimwomba babu aache safari za sokoni, naye babu alijibu kwamba viazi haviwezi kujipeleka. Basi kila alipoondoka, nyumbani tulikuwa na swali moja, atarudi au hatarudi, na hakuna aliyelitamka. Bibi alipukuchua maharage uso umeelekea mlimani. Redio aliipunguza sauti mpaka watangazaji wakawa kama wananong'onezana. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukaa kimya, na kukaa kimya nilikuwa hodari zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kipupwe, ukungu umelala hadi bondeni. Babu alikuwa amechelewa. Bibi alikuwa amekwisha pukuchua maharage yote, akawa anapepeta yale yale. Alasiri nikamwona ameinua kichwa. Nami nikasikia, mbali, ko, ko, ko. Bibi akashusha pumzi ndefu.

"Huyo," akasema.

Akasonga ugali. Nilikimbia ukingoni mwa uwanja nikasikiliza ule mwanzi ukishuka kona moja hadi nyingine, polepole, kama kawaida yake. Baiskeli ikatoka kwenye ukungu. Niliiona ni ya babu, gunia ni lake, mwanzi nyuma. Juu yake alikaa jirani yetu.

Jirani alikuwa ametoka msituni kutafuta ng'ombe wake. Alimkuta babu kileleni, amekaa ameegemea ukingo wa udongo kando ya barabara. Mwanzi alikwisha ukata, amekwisha ufunga, na panga limerudishwa mahali pake kwenye gunia. Alikuwa amekaa kupumzika kidogo kabla ya kushuka. Baadaye watu walisema ni moyo. Jirani alimtikisa, akamwita, kisha akafikiria jambo moja tu, kuleta habari haraka. Akaichukua baiskeli jinsi alivyoikuta, akashuka. Mtu wa kwingine asingeona kosa hapo. Lakini jirani alikuwa wa kwetu, naye alimjua babu kwa sauti ile miaka yote. Angefungua tu ule mwanzi akakata tawi la mlingoti, bibi asingesonga ugali. Alilitambua hilo pale uani, alipouona mvuke unatoka kwenye mlango wa jiko. Niliona uso wake ukibadilika.

"Mama," akasema, "mzee yuko juu. Nimemwita, haitiki. Hapumui, mama."

Bibi aliitazama baiskeli, kisha mwanzi, kisha yeye.

"Nawa mikono," akamwambia. "Ugali unapoa."

Jirani alisema hawezi kula. Bibi akamjibu kwamba amekwisha pika, akae. Akakaa kwenye kigoda cha babu. Mimi ndiye niliyemmiminia maji ya kunawa, na nakumbuka birika halikutikisika hata kidogo mkononi mwangu. Alikula ugali wote, machozi yanamwingia kwenye mboga, bibi amesimama mbele yake hadi tonge la mwisho. Sahani ilipobaki tupu, bibi akakaa chini kwenye majivu, akapiga yowe ambalo lilikileta kijiji chote.

Wanaume walipanda na machela, wakamshusha babu jioni kwa miguu. Hawakutoa sauti yoyote njiani, wala matawi hawakuyahitaji. Mimi sikulia. Mazishini pia sikulia, na shangazi mmoja akasema mtoto huyu ana moyo mkavu. Nilitaka kulia, machozi ndiyo hayakuja, na baada ya hapo hata mambo mengine hayakuja sawasawa. Nimeolewa, nimeachika, nimejenga, na yote nimeyapitia kama mtu aliyevaa glavu.

Sasa nikiwa pale kileleni na macho yangu yanachagua mwanzi, niliona ni bora niondoke. Bibi yu hai. Macho yamefifia lakini masikio bado ni yale yale, na sikutaka ausikie tena. Nikashuka na breki zangu za dukani, upepo tu masikioni. Bodaboda mbili zilinipita, moja imebeba mitungi ya gesi. Kabla ya nyumba ya kwanza nilisimama nikajifunga kitenge juu ya ile kaptula ya kubana, maana kuna heshima, na kuna pia midomo ya watu wa kwetu.

Nilikuwa nimempigia simu mjomba siku iliyotangulia kumwambia nakuja. Mkewe alikuwa ameweka unga tayari kwenye ungo, mboga zimekatwa, sufuria limeoshwa. Jiko lilikuwa baridi. Alinipokea kwa aibu kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nisamehe, mama mkwe haruhusu moto. Nilimwambia najua. Tangu siku ile ya jirani, nyumba ile haimpikii mtu aliye njiani, awe nani, apige simu asipige.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Nilipiga magoti, nikamshika miguu. Alipapasa uso wangu, akashuka kwenye mabega, akafika kwenye vidole vyangu vilivyoganda, akavishika muda mrefu, kimoja kimoja.

"Ni yeye," akawaambia walio ndani. "Washeni."

Nikakaa kwenye mkeka nasubiri, njaa imenibana vibaya, na ghafla nikaumia. Niliumia kweli, hapa kifuani, mahali ambapo nilikwisha pazoea kuwa hapana mtu. Nikiulizwa nimepoteza nini utotoni mwangu huwa nataja ukungu, viazi, maandazi yaliyobondeka, vitu ambavyo ukitaka bado unavipata. Nyumba iliyokuwa inamwamini mtu kabla ya kumwona siipati tena. Sasa hata nikitoka mbali kiasi gani, nafika kwanza, napapaswa, ndipo maji yanabandikwa.