Tuliaga Timbwani Nzima, Nchi Hatujachagua

Kwetu mtu hasafiri tu. Mtu huaga. Huanza kwa wazee wake, akaja kwa majirani, akamalizia kwa yule waliyegombana juu ya bomba la maji, na kila mlango husema maneno yale yale: "Nimekuja kuaga, nipeni radhi." Wenye nyumba hujibu wamekuridhia, wakakusomea dua, wakakuagiza kitu, na kuanzia hapo wewe si mtu wa mtaa tena mpaka urudi. Ukionekana kesho yake wanunua sukari utaulizwa, "Kwani hukwenda?" Afadhali kufukuzwa kuliko swali hilo.

Mimi na mwenzangu tuliaga Timbwani nzima, mtaa wetu huku Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Tatizo, na mimi naliita dogo mpaka leo, ni kwamba hatukuwa tumechagua nchi.

Bara tulikuwa nalo: Amerika ya Kusini. Bara zima. Mtu asituambie hatukujipanga.

Mwenzangu ni mwalimu wa chekechea. Tumekaa mkeka mmoja madrasa, tukachapwa bakora moja, na mtu akimsema vibaya mbele yangu hujuta kwa nini mama yake alimzaa. Alikuwa ameposwa. Mume yuko Doha, harusi ni baada ya Ramadhani, kisha safari ya kwenda kwake. Ni mtu mzuri huyo mume, sina la kumsema, na nimetafuta.

Siku ile alinionyesha picha kwenye simu: uwanda mweupe wa chumvi, umetandwa na maji kidogo juu yake, na mbingu imelala ndani ya maji hayo mpaka hujui mtu amesimama wapi.

"Iko Bolivia," akaniambia. "Nataka nende niione kabla sijawa mke wa mtu. Baada ya hapo nitakwenda ninapopelekwa."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayepanga nguo. Hapo ndipo nilipoona hili jambo litafanyika hata ikibidi niuze madera yangu yote kwa hasara, maana kazi yangu ni hiyo, kuuza madera kwa simu.

Babake huendesha lori la mafuta, hupakia Changamwe akashusha bara. Tulipomweleza alikuwa yuala muhogo.

"Chumvi?" akasema. "Chumvi iko Gongoni. Mwapanda gari la Malindi, mwafika, mwaangalia, mwarudi."

"Ile ni nyengine, baba," mwenzangu akasema.

"Chumvi ni chumvi." Akatafuna. "Na utakwenda na nani?"

"Na mimi, baba," nikasema, kabla sijaulizwa.

Akanitazama. Ananijua. "Vyema. Lori haliondoki depo bila utingo, sembuse mwanangu. Mwende wawili ama msende."

Kwa hiyo mimi nikawa utingo. Na utingo hodari: shule niliiacha kidato cha pili, lakini Kihispania nilijifundisha mwenyewe kwa tamthilia za runinga. Naweza kumfukuza mkwe kwenye jumba la urithi, naweza kumwambia mwanamume mtoto si wake. Kuomba maji ya kunywa sikuwa nimefika.

Sasa, kwa nini tuliaga mapema? Kwa sababu babake alikuwa yuaondoka Jumamosi na lori, na hatukujua angerudi lini. Radhi ya baba haiombwi kwa simu. Halafu fikiria wewe mwenyewe: ukate tiketi kabla ya radhi, ndege ikikwama utamlaumu nani? Kwanza radhi, kisha tiketi. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo, na nilipomweleza mteja wangu mmoja wa Nairobi akacheka mpaka akakata simu. Nilimfungia namba. Hajapata dera mpaka leo.

Tukaanza kuzunguka. Kila nyumba huuliza unakokwenda, na mimi sipendi kumwacha mtu mzima na swali. Kwa shangazi yangu, aliyetaka kujua kama tutapata pa kuswali, nikasema twaenda Suriname, misikiti imejaa. Sikusema uongo, nilikuwa nimesoma. Kwenye baraza la kahawa, vijana wakauliza, nikasema Brazili, wakasimama kunipa mkono na kuniagiza jezi. Mamake mwenzangu anaogopa baridi, kwa hiyo nikamwambia ni nchi ya pwani, joto kama hapa, na watu huko wala muhogo kama sisi.

"Wewe, kwani twaenda nchi ngapi?" mwenzangu akaninong'oneza njiani.

"Twaenda moja. Hizo nyengine ni za kuwatuliza."

Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa, tukavuka feri na mabegi, watu wawili walioridhiwa na mtaa mzima, mpaka Bombolulu. Binamu yangu amepanga chumba huko na alikuwa kazini Diani mwezi huo wote. Tukafunga mlango, tukakaa kitandani na simu mbili, tukaanza kuchagua nchi.

Sikujua bara lina ugomvi namna ile. Brazili ilijitoa yenyewe kwa viza. Ajentina, tuliposoma asubuhi ilikuwa rahisi, jioni mtu mwengine akaandika imepanda. Chile ni ya wenye nazo. Paragwai kila kitu ni rahisi, na kila aliyekwenda amesema ni rahisi kwa sababu hakuna unachokwendea. Mimi nikatengeneza kipimo changu: sahani ya wali na kuku. Nchi ambayo wali na kuku ni ghali, hatuendi. Kwa kipimo hicho Bolivia ilishinda zote, lakini nauli ya kufika ilikuwa ndefu, ndege tatu. Na mimi nikang'ang'ania Suriname.

"Kwa nini Suriname?" akaniuliza.

"Ina bahari. Ina misikiti. Na shangazi nshamwambia."

"Suriname haina chumvi."

"Tutakula chipsi."

Hakucheka. Tukabishana siku hiyo, na ya pili, na mimi nikishabishana sijui kushuka. Nikamwambia ni mbinafsi. Nikamwambia mimi ndiye niliyeongea na babake. Siku ya tatu alipoizima simu yake ndipo nikamwona uso, nikasema basi, Bolivia, kata tiketi. Akafungua simu. Nauli ilikuwa imepanda. Tulichokuwa nacho, changu na chake, kilitosha mtu mmoja kwenda, kulala, kula na kurudi. Mmoja.

"Twarudi nyumbani," akasema.

"Turudi? Tushaaga. Wataka niseme nini, feri iliharibika?"

"Baba alisema wawili."

"Babako yuko njiani na lori. Yeye ajua tumekwenda wawili. Wewe nenda. Mimi nakaa hapa, siku ukirudi, mimi na wewe twavuka feri pamoja. Nani atajua?"

Akaanza kukataa. Nikamwambia asinipasue kichwa, akikataa nampigia mwenyewe yule wa Doha nimwambie bibi harusi analia Bombolulu. Akakata tiketi.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege nimevaa ninja, ile nikabu ya kuacha macho tu. Alinishika mkono mpaka mlango ambao wasiosafiri huzuiwa, akaenda bila kugeuka. Nilimlaani kidogo kwa kutogeuka, kisha nikarudi Amerika ya Kusini yangu, chumba kimoja, choo cha nje.

Wallahi safari ile ilinichosha. Mtu kama mimi, kukaa bila kusema. Sikutoka bila ninja, nikinunua viazi karai kwa kuonyesha vidole. Siku moja nikaenda sokoni Kongowea kununua nyanya. Muuzaji akamwambia kijana wake, "Huyo wa Likoni mpe zilizooza, hawajui tofauti." Hakunisema mimi. Alikuwa amemsema mama wa watu aliyeinama anachagua. Ulimi wangu ukafunguka wenyewe. Nikamtaja yeye, nyanya zake, mizani yake na aliyemfundisha kupima, mpaka watu wakaacha kununua.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Hiyo sauti naijua."

Ni jirani yetu wa Timbwani. Alikuwa ametuagiza manukato. Nikageuza Kiswahili changu palepale kikawa cha bara: "Haki mami umenichanganya na mwingine, mimi naishi tu hapa juu." Nikajichukia kwa kila neno. Jirani akanitazama macho, akasema, "Samahani mwanangu. Yule wetu yuko Ulaya." Hata bara alikuwa ameshalibadilisha.

Mwenzangu alikuwa akinitumia picha, na mimi nawarushia wa nyumbani, kila mmoja nikimwambia ni matembezi ya mbali na tulipofikia. Nyumba za matofali mekundu. Milima. Magari ya kuning'inia kwenye waya yakipita juu ya mapaa. Mwisho ule uwanda wenyewe, yeye mdogo katikati, kama tone la wino. Mamake akauliza mbona mimi simo. Nikamjibu, "Mimi ndiye napiga, mama." Hilo nalo likapita.

Aliporudi nilimpokea na ninja yangu, nikaivua kwenye tuktuk, tukavuka feri wawili na mabegi. Alikuwa amekonda na midomo imebabuka. Nikamwambia asiseme kitu, aniachie mimi, yeye atachanganya.

Na nilifanya kazi, mtu asinidharau. Kwa shangazi nilimpeleka Suriname, nikamswalisha katika msikiti wenye zulia la kijani. Barazani niliwapa Brazili mpaka wakalia, jezi nikasema zilizuiliwa mpakani. Mamake mwenzangu nilimpa pwani yenye joto. Nyumba baada ya nyumba, na mwenzangu pembeni, mikono mapajani, akiitikia kwa kichwa. Nikadhani amechoka na safari.

Tukafika kwao, chai ya alasiri. Babake alikuwa amerudi. Nyumba imejaa, mashangazi wamekuja kupanga mambo ya harusi. Nilikuwa nasimulia upepo wa bahari, jinsi mimi na yeye tulivyokaa ufukweni tukila muhogo wa kukaanga, na mamake anacheka, ndipo mwenzangu aliposema, kwa sauti ile ile ya kupanga nguo:

"Hakuna bahari. Nilikwenda Bolivia. Nilikwenda peke yangu."

Nikamkanyaga mguu. Akautoa mguu.

"Huyu hakuwepo," akasema. "Si ufukweni, si popote. Nilikuwa mimi."

Babake akaweka kikombe chini. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Bombolulu, baba."

Shangazi mmoja akaanza kucheka, akajiziba kwa leso, akashindwa. Wakaangua kicheko wote isipokuwa babake. Mimi damu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni. Baada ya yote yale, viazi karai kwa vidole, Kiswahili cha bara, ninja kwenye jua la mchana. Nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia, makubwa, na ningeyasema.

Lakini babake alikuwa ameshamgeukia mwanawe. "Peke yako," akasema. "Siku ya kwanza ulifikia wapi?"

Akamwambia. Alifika mji wa juu sana, hewa haitoshi, akatapika barabarani na begi mgongoni. Mama mmoja mwenye sketi pana na kofia ndogo ya duara akamkalisha kwenye ngazi, akamletea chai ya majani fulani, akamshikia begi mpaka akapata pumzi. Hawakuwa na lugha hata moja. Alisema alilia, si kwa ugonjwa, bali kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua yuko kwenye ngazi ile. Siku tatu alikula mayai na viazi tu, akiogopa nyama. Halafu basi usiku kucha, na asubuhi akateremka kwenye ile chumvi, akavua viatu.

"Ilikuwaje?" mamake akauliza.

"Maji yalikuwa baridi," akasema, "na chini mwakwaruza." Akafikiri. "Nilisimama tu. Dereva akanipigia honi mara nyingi, sikutoka."

Babake aliuliza basi lilikuwa la aina gani, dereva alikuwa mmoja au wawili, barabara ina lami mpaka wapi. Yeye akajibu yote. Alikuwa ameangalia. Mashangazi walisogea na chai zao mpaka nikasukumwa kando ya mlango, na nikiwa pale nikagundua kwamba kwenye tuktuk, kwenye feri, na nyumba zote zile, hilo la ngazi sikuwa nimelisikia. Sikuwa nimemuuliza.

Sikusema naye mpaka wiki ya harusi. Mimi nikikasirika hukasirika. Siku ya kumpaka hina nilikuja bila kualikwa, nikamtoa mpakaji kwenye kiti, nikamshika mkono mwenyewe.

"Haya," nikamwambia. "Anza ulipoteremka kwenye ndege. Na usiruke kitu."