Mbebaji Atabebwa

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, umri ambao mtoto huaminiwa kuachiwa jiko lakini bado haaminiwi kuachiwa ufunguo wa nyumba, nilitamka maneno mawili, na siku ya tatu yake yakatimia mbele ya uwanja mzima. Nimesoma miaka mingi tangu hapo, na kazi yangu ya leo ni kupanga mambo kwa mfuatano: kipi kilitangulia, kipi kilifuata. Siku zile nne, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, nimezipanga mara nyingi kuliko kazi yoyote niliyoajiriwa kuifanya. Nizipange tena hapa, safari hii kwa maandishi.

Tulikaa Annandale, ughaibuni: mama yangu, kaka yangu Hamza, mimi, na Bibi, ambaye mama alimleta kutoka Muheza ili nyumba isiwe tupu wakati yeye yuko kazini akiwahudumia wazee wa watu wengine. Rafiki mkubwa wa mama alikuwa Mama Baraka, Mkenya wa kutoka bara, mkazi wa Springfield, ambaye naye alihudumia wazee mchana, na jioni mbili kwa wiki alisomea uuguzi katika chuo kilicho karibu na kwetu. Mwanawe Baraka ndiye aliyemleta kwa gari. Akishamshusha, alikuja kula kwetu na kusubiri darasa limalizike. Hivyo ndivyo kijana wa Springfield alivyozoea kukaa mezani kwetu kama mtoto wa nyumba, ingawa alicheza katika timu ambayo shule ya Hamza iliichukia kuliko zote.

Mchezo wenyewe Bibi aliuita mpira wa kubeba. Aliutazama mara moja kwenye runinga, akauliza kwa nini watu wenye miguu mizima wanaukumbatia mpira kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo hatukuwa na jina jingine la kuuita. Kazi ya Baraka ilikuwa hiyo hasa: kupokea mpira, kuukumbatia na kukimbia nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Alikuwa mbebaji wao. Mwaka huo timu yake na yetu zilipangwa kukutana Ijumaa katika raundi ya kwanza ya mtoano, na ilijulikana kwamba mtu kutoka chuo kikuu kimoja angekuja kumtazama, kuona kama anafaa kupewa ufadhili wa masomo. Mama Baraka asingeweza kumlipia chuo huku naye akijilipia chake. Miguu ya mwanawe ndiyo iliyokuwa tegemeo lao.

Jumatano ile jikoni palikuwa na kelele. Hamza alikuwa na simu mkononi, akisoma utabiri wa mashabiki kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Sisi tuliozaliwa huku tuliongea Kiingereza karibu siku nzima, lakini kejeli tulizifanya kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza hazikuwa na makali.

"Hapa watu themanini wanasema mtafungwa," Hamza alisema. "Themanini, Baraka. Hata mama yako yumo."

"Hao ni wasee wenu wa mtaani, buda. Refa si ndiye mchezaji wenu bora? Bila yeye mngekuwa mmeshaenda nyumbani Oktoba."

"Tunabebwa na refa, wewe unabebwa na nani?"

"Mimi sibebwi. Mimi ndiye nabeba."

Hamza alikwenda kufungua mlango wa mbele, maana mama alikuwa amerudi na mizigo. Tulibaki wawili. Baraka aliniomba nizime taa ya dari; alisema inamchoma. Niliizima, nikakaa nikimwangalia anavyojimiminia chai. Chai ilimwagika juu ya meza, sentimita tano kando ya kikombe, nayo iliendelea kumwagika mpaka alipousikia mlio wake.

"Naona vikombe viwili," alisema, akacheka kidogo. "Tangu Ijumaa, wakati jamaa fulani aliniwekea kichwa mechini. Itaisha. Usimwambie mathe, sawa, kasista? Akijua, sichezi."

Niliitikia sawa. Nilifuta meza. Hamza aliporudi na kukuta kitambaa chenye chai mkononi mwangu, alisubiri nitoe mzaha, kwa kuwa mimi ndiye niliyesifika nyumbani kwa mizaha ya haraka. Kile nilichokiona kilikuwa bado mdomoni mwangu kikitafuta mlango. Kikatoka hivi:

"Jumamosi isifike. Ijumaa mbebaji atabebwa."

Hamza alicheka mpaka akaketi. Baraka naye alicheka. "Wewe mtoto unanibeba ufala," alisema, yaani namfanya mjinga, akanivuta sikio kwa upole. Dakika kumi baadaye maneno hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa mashabiki, pamoja na tafsiri yake, na wanafunzi ambao hawakujua neno jingine lolote la Kiswahili waliyapenda kwa mlio wake.

Alhamisi Bibi alimsikia Hamza akiyaimba bafuni. Hakumwita Hamza. Aliniita mimi, kwa jina la utani alilozoea kuniita, lakini bila tabasamu lake.

"Mke mwenzangu, njoo. Nani kamchuria mtoto wa watu?"

Kuchuria ni neno ambalo sijapata mwenzake katika lugha nyingine niliyojifunza. Kwa Bibi halikumaanisha kulaani, kwa kuwa anayelaani hutaka alitamkalo litokee. Anayechuria anaweza kuwa anacheka. Analitaja baya kwa jina, na baya, likisikia limeitwa, huja kuona aliyeliita. Watoto wa kwao walikatazwa kulala na mikono kifuani kama maiti, kupiga mluzi usiku, na kumwambia mtu anayesafiri kwaheri tupu, bila kuongeza ya kuonana. Yote hayo yalikuwa uchuro. Na katika Kiswahili chake anayebebwa ni mmoja tu, yule aliyelala ndani ya jeneza.

Nilimweleza kwamba ni utani wa mpira, kwamba kwetu kubebwa ni kupendelewa na refa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeyatoa wapi?"

"Nimeyatunga tu, Bibi."

"Maneno hayaoti hewani," alisema. "Uliona nini mpaka ukasema hivyo?"

"Sikuona kitu."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Akaniagiza jinsi ya kuyatoa maneno yale, kama alivyoagizwa na mama yake. Nisimame mbele ya kijana na mbele ya aliyemzaa, wote wawili, si mmoja. Niyarudie maneno kama nilivyoyasema. Niseme nilichokiona mpaka nikayasema. Kisha nitie maji mdomoni, nisukutue, niyateme chini, niseme: yametoka, yasirudi. Alinijazia maji kichupa kilichokuwa cha maji ya waridi, akakifunga kwa nguvu kwa ajili ya safari ya uwanjani siku ya pili.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mechi ikasogezwa hadi Jumamosi saa nane mchana. Bibi alifurahi. Alisema Mungu ameniongezea siku. Ningeweza kumwomba mama anipeleke Springfield asubuhi ile; haikuwa mbali. Nilikaa chumbani nikichora jezi.

Jumamosi tulifika mapema. Anga ilikuwa ya kijivu na nyasi zilikuwa zimelowa. Mama Baraka alisimama kwenye uzio na chupa ya chai chini ya kwapa, amevaa sare za kazi chini ya koti kwa sababu zamu yake ingeanza saa kumi na mbili.

"Shikamoo, Mama Baraka."

"Marahaba, mrembo wangu. Leo nakusalimia, lakini tukimaliza mechi sikujui."

Baraka alikuja mbio kumsalimu mama yake kabla ya kuvaa kofia ngumu. Walisimama pamoja mbele yangu, kijana na aliyemzaa, hatua moja tu kutoka kwangu, kama Bibi alivyoagiza. Nilikitoa kichupa. Nyuma yangu walikuwa rafiki zake Hamza, na mmoja alikuwa na kipande cha boksi chenye neno ATABEBWA kwa herufi kubwa za zambarau. Nilisema, "Mama Baraka," na yeye akaniinamia.

Baraka akanitazama. Aligusa midomo yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayejikuna. Nikakumbuka ahadi yangu, tena nilimpenda kwa namna ambayo msichana wa miaka kumi na miwili humpenda kijana wa miaka kumi na saba anayemvuta sikio. Nilifungua kichupa, nikatia maji mdomoni. Nikameza.

"Hayo ni maji ya kutuloga?" Baraka aliuliza. "Waambie wenu wakunywe pia. Hata hiyo haitawasaidia."

Mama yake alicheka. "Ulitaka kuniambia nini, mrembo?"

"Nilikuwa nakutakia kila la heri."

Baraka alibeba mpira mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya kumi na moja aliangushwa kwa pigo ambalo wote waliolitazama baadaye walisema lilikuwa la kawaida. Aliinuka. Aliupeleka mpira kwa refa, kisha akaanza kutembea kurudi kwa wenzake, ila aliowaendea ni wa jezi za zambarau, upande wetu. Majukwaa yetu yalicheka, na yule mwenye boksi akaliinua juu. Katikati ya njia Baraka alipiga magoti taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, halafu akalala.

Ilichukua muda mrefu kuileta machela. Mama Baraka aliruka uzio akiwa na chupa ya chai bado kwapani. Baraka alipopitishwa mbele yetu, neno lile la zambarau lilikuwa bado limeinuliwa. Mwenye kulishika alikuwa amesahau kwamba ameshika kitu. Hamza ndiye aliyemrukia na kulichana. Aliendelea kuchana vipande mpaka vikawa vidogo kama kucha.

Nyumbani Bibi aliuliza jambo moja. "Ulitema?"

"Nilitema."

Baraka hakufa. Alikaa hospitali mpaka majira yakabadilika, na kilichorudi nyumbani Springfield kilikuwa mwili wake, upande wa kulia ukiwa mzito, na maneno yakija moja moja baada ya kusubiriwa. Mama yake aliacha chuo. Uuguzi aliokuwa amekwisha kuusoma aliutumia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hamza aliamini kosa ni lake, kwa kuwa aliyatangaza maneno, na hajatazama mchezo huo tena. Bibi aliamini kwamba ule mtemo wangu ndio uliozuia jeneza. Alirudi Muheza akiamini hivyo, akawasimulia majirani jinsi mjukuu wake alivyomwokoa mtoto wa watu, na akafa mwaka jana akiwa nayo imani hiyo.

Baada ya msiba nilikwenda Springfield. Mama Baraka alikuwa akimnywesha mwanawe uji katika kikombe cha plastiki chenye mishikio miwili. Niliomba glasi ya maji, nikasimama mbele yao wote wawili.

"Nilisema mbebaji atabebwa," nilianza, "na nilichokiona mpaka nikasema ni hiki." Nikaeleza taa, chai iliyomwagika kando, vikombe viwili, na ombi la Baraka nisimwambie yeye.

Mama Baraka aliweka kikombe mezani. "Ilikuwa siku gani?"

"Jumatano."

Alihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vyake: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. "Siku tatu," alisema. Kisha akaongeza, "Kikombe kimoja tu kingenitosha. Nilikuwa nimeshafundishwa dalili hizo chuoni."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba kisomo kimenitoa katika mambo ya uchuro. Kwamba maneno hayavunji kichwa cha mtu, na kwamba Bibi alikosea. Hilo la kwanza bado nalishikilia. Lakini nikizipanga siku zile kwa mfuatano wake, naona kwamba kati ya watu wote walioyasikia maneno yale, Bibi peke yake ndiye aliyeuliza swali la kitaalamu: uliona nini? Nami nilidhani dawa ni maji. Maji yalikuwa ya kuoshea mdomo tu baada ya kazi. Dawa ilikuwa kule kusimama mbele ya aliyemzaa na kusema, na hiyo ndiyo niliyoimeza.

Pale mbele ya Mama Baraka na mwanawe nilitia maji mdomoni. Nilisimama nayo hivyo, nisijue pa kuyatema katika jiko la mtu, mashavu yamejaa kama mtoto.

"Tema," Baraka alisema. Neno lilimchukua muda kulitoa.

Nilitema ndani ya sinki, nikasema yale ya mwisho niliyoagizwa. Mama Baraka alifungua bomba, maji yakapita juu ya yangu, akalifunga. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuuliza, kwa kuwa hilo halikuwamo katika maagizo ya Bibi. Alinipa kile kikombe cha mishikio miwili, akaniambia nimalizie kumnywesha, uji usije ukapoa.