Gauni la Ubatizo la Kaku

Asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilikuwa nikisikia nyundo zikigonga chini ya kitanda changu. Hazikuwa za jirani wala za barabarani. Zilitoka chini kabisa, ndani ya ardhi, du, du, du, kisha kimya, kisha du tena. Tulikaa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu waligundua kwamba wamejenga nyumba zao juu ya kobalti, na mwanzo wa mvua mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu alikuwa amechimba shimo katikati ya sebule yake, akalifunika kwa turubai la rangi ya machungwa, na vijana waliotoka pande zote za Kongo waliingia humo alfajiri na kutoka jioni wakiwa kama watu waliofinyangwa kwa udongo. Hakuna aliyejua njia zao za chini zimefika wapi. Mama alinikataza kuruka kamba uani. Mezani tulikula polepole, kila mmoja akisikiliza, na kijiko kikimponyoka mtu kikaanguka sakafuni, wote tulishtuka.

Kaku, yaani bibi yangu mzaa baba, aliishi nasi. Alikuja Katanga kwa treni kutoka Kasai akiwa mke mchanga, akimfuata mumewe aliyechukuliwa kufanya kazi ya mgodi, na vitu vyake vya thamani vilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Humo mlikuwa na gauni jeupe la ubatizo alilolishona mwenyewe kwa kitambaa cha nguo yake ya harusi. Mlikuwa pia na kikombe kidogo cha shaba alichokifua babu kwa mkono, na kwa kikombe hicho mapadri walikuwa wamewamwagia maji watoto wote wa ukoo wetu. Wote isipokuwa mmoja. Dada yake baba alibatizwa kwa haraka hospitalini, amefungwa kitenge, akafa kabla hajaota jino. Kaku hakusimulia habari hiyo mara nyingi, lakini aliposimulia sauti yake ilishuka, na mama, aliyekuwa akimnyonyesha mdogo wangu Danieli, alimvuta mtoto karibu zaidi na kifua.

Wiki ambayo Danieli alitakiwa kubatizwa, mvua kubwa ilinyesha na sakafu ya chumba cha Kaku ikapasuka kutoka dirishani hadi kitandani. Baba alikuwa fundi umeme katika kampuni ya mgodi. Alikanyaga sakafu kwa kisigino, akasikia mwangwi, akamshika Kaku mkono akamtoa, kisha akaufunga mlango kwa waya. Sanduku likabaki ndani. "Hakuna mutu ataingia mule," alisema. "Hata kuku." Siku ileile Danieli akaanza kuwaka homa. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa, akaitapika yote. Alilia kwa sauti nyembamba, kisha akaacha kulia, na huko kuacha kulia ndiko kulikotutia hofu zaidi. Mama akataka padri aombwe ambatize upesi, kesho yake, kwa nguo yoyote. Kaku akaiweka chini sahani yake ya bukari, ugali wa kwetu.

"Apana, mama," alimwambia mkwewe. "Ule mwengine tulimupeleka vile vile, na kitenge."

"Mama, mutoto iko mugonjwa. Mungu hataangalia nguo."

"Mungu hataangalia. Mi njo nitaangalia."

Tangu hapo hakula tena. Alikaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ule mlango uliofungwa, midomo ikichezacheza bila sauti.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda kumwita katekista, msaidizi wa padri, ili ubatizo ufanyike siku hiyo. Mara tu alipotoweka njiani, mama alinikabidhi Danieli, akaniambia nikae nje, akamwomba Kaku asogee, kisha akaukata ule waya kwa koleo. Sikukaa nje. Nilisimama kwenye mlango wa sebule, joto la mtoto likipenya gauni langu, nikamwona mama akilaza ubao mrefu juu ya sakafu iliyopasuka na kulala kifudifudi juu yake. Kaku alipoelewa kinachofanyika, alipiga magoti na kumshika vifundo vya miguu. Mama alijivuta taratibu kwa viwiko. Chini, nyundo zikanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko nyundo zenyewe. Mama alilifikia sanduku, likakataa kuvutika, akalifungua palepale, akalitoa gauni na kulirusha nyuma, likamwangukia Kaku begani. Kisha akaingiza mkono tena, akitafuta kikombe.

"Acha," Kaku alisema. "Rudi, mama. Mwanangu, rudi. Kikombe ikae."

Sakafu ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Kaku, ambaye siku hizo hakuweza hata kuinua ndoo ya maji, alimburuta mama kwa miguu mpaka sebuleni, na mbele ya macho yetu kitanda kikainama, sanduku likateleza, vyote vikazama bila haraka, vumbi likapanda. Vijana walitokea kwenye shimo la jirani wakikohoa, wote wakiwa hai. Mmoja wao alikuja mlangoni kutuomba radhi. Baba aliporudi na katekista alilitazama shimo, akamtazama mama, kisha akaketi kwenye matope ya uani na viatu vyake vya kazi.

Alasiri ileile tukaenda kanisani. Gauni lilimbana Danieli, kwa kuwa alikuwa na mwili mkubwa kuliko baba alipolivaa utotoni, basi Kaku akachukua wembe na kulipasua mgongoni. Padri alimimina maji kwa jagi la plastiki la parokia. Danieli akapiga kelele, kelele nene, na Kaku akafumba macho. Homa haikushuka siku hiyo wala kesho yake. Ilishuka baadaye, alipobadilishiwa dawa. Baba alisema ni dawa. Kaku aliomba bukari.

Sasa ninaishi Lubumbashi, katika nyumba yenye sakafu ya vigae. Mahali nyumba yetu ya Kasulo ilipokuwa pamezungushiwa ukuta, na Danieli, ambaye ni mrefu kuliko baba, hutengeneza simu mjini Kolwezi. Kaku tulimzika zamani. Mwaka jana nilimbatizisha binti yangu kwa gauni jipya la sokoni, bila mtu yeyote kugombana wala kuogopa. Mama alikuja, na jioni, tukichambua maharagwe, nilimuuliza kama siku ile aliamini kweli kwamba gauni litamponya mtoto.

"Apana," alisema. "Niliona mutoto anaweza kufa. Na kama angekufa, mama ya baba yako angesema njo yeye alikataza tumubatize upesi, angebeba ile mambo mupaka kufa. Sikuweza kumuachia ule muzigo."

Miaka yote nilidhani alilala juu ya ubao ule kwa ajili ya Danieli, kumbe alijua Kaku anaogopa nini. Mama mkwe wangu anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Tunasalimiana vizuri kila Jumapili, tunaulizana habari za nyumbani, tunaagana. Sijui anaogopa nini.