Onyo kwenye Kompyuta Yangu

Shule niliacha darasa la nne, na leo walimu wa Kakuma huja kwangu kuchapisha mitihani. Nilianzia Lodwar, nikichaji simu za watu kwa sola moja. Sasa nina chumba cha gemu, televisheni nne, na kompyuta moja kubwa iliyomaliza mbuzi wangu wote. Hiyo ikifa, nami nimekwisha. Kwa hivyo mtu akiigusa, namwangalia mikono.

Mwaka jana akaja mama mmoja wa Sudan Kusini anayekaa Kalobeyei. Tukasalimiana ejok, akaketi. Alisema amesomea kuandika programu kwenye mafunzo ya huko, na kwamba lile gemu la malori wanalolipenda wateja wangu linaruhusu mtu kuongeza vitu vyake mwenyewe. Angeweka barabara yetu ya Lodwar, vumbi lake, na ngamia wanaovuka wanavyotaka. Alichohitaji ni kompyuta yenye nguvu tu.

Nikauliza bei, akasema hakuna. Basi nikauliza bei ya programu aliyosema ataitumia, kompaila, inayogeuza maandishi ya mtu yawe kitu ambacho mashine inaelewa. Akasema hiyo pia ni bure, unaishusha mtandaoni.

Miaka yote niliyokaa Kakuma sijaona kitu cha bure kisichoanza na alama ya kidole, hata mgao wa chakula kambini.

"Nani aliitengeneza?"

"Watu wengi, wa nchi nyingi."

"Na wanakula nini?"

"Sijui, bosi. Sikuwauliza."

Nilikubali kwa sababu wateja walikuwa wamechoka na barabara za theluji. Lakini siku tatu nilikaa nyuma ya kiti chake. Ukurasa wa masharti ulipotokea, akataka kuubonyeza upite, nilimzuia, nikataka anisomee wote kwa Kiswahili mpaka chai ikapoa. Sikusikia ubaya wowote, na hilo likanitia shaka zaidi.

Siku ya tatu akaiamuru kompaila ifanye kazi. Mistari ikaanza kupanda mbio, na katikati yake neno moja la rangi ya zambarau: WARNING. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno hilo nalijua. Limeandikwa kwenye transfoma nyuma ya soko, juu ya picha ya fuvu. Likaja mara ya pili, ya tatu, ya nne. Sikungoja ya tano. Niling'oa waya ukutani.

"Mama, umeniletea nini humu?"

Hakupandisha sauti. "Hilo ni onyo tu, si kosa. Kungekuwa na kosa, ingesimama yenyewe. Ilikuwa inaniambia kuna mahali nimeandika ovyo, na inaendelea."

Nikamwambia pole, kazi yake imepotea. Akavuta uzi wa shanga shingoni, na mwishoni mwake kulining'inia flashi.

"Kazi yangu iko hapa. Kila siku naihifadhi kabla sijatoka kwako, na leo kabla sijaiamuru kompaila."

"Ya nini?"

"Nilidhani utaniibia, bosi."

Kuitwa mwizi ndani ya duka langu mwenyewe! Lakini nikisema ukweli, hapo ndipo roho yangu ilipotulia. Wote waliowahi kunila walijifanya kuniamini tangu siku ya kwanza. Huyu alikuwa akinichunga kama nilivyomchunga.

Nikarudisha waya. Kompyuta ilijikagua polepole mpaka ikawaka. Akaanza upya. Maonyo yakaja yote, na mimi nimekalia mikono yangu.

Gemu likafunguka. Barabara ya kwetu kabisa, hata mashimo. Nikashika usukani kwanza, kama mwenye mali. Ngamia akaingia barabarani, nikachelewa kukanyaga breki, na lori likapita katikati ya tumbo lake kama linapita kwenye moshi.

Mama akainama kwenye kioo. "Lile onyo la tatu," akasema.

"Nilikuambia."

Akacheka, akafungua shanga, akachomeka flashi kabla ya kugusa kitu kingine.