Kifaransa cha Yadi ya Malori

Mjukuu wangu alizaliwa Abidjan na bado hajafika Busia. Mama yake, binti yangu wa pekee, aliolewa huko na mwanamume aliyekutana naye chuoni Kampala, na nyumbani kwao wanaongea Kifaransa. Kwa Kiswahili mtoto anajua maneno mawili, "babu" na "asante", na huyasema pamoja kama vile ndilo jina langu kamili.

Baada ya mke wangu kufariki tuliendelea kupigiana simu kila Jumapili jioni. Jumapili moja mtoto aliuliza kitu kirefu. Binti yangu akanitafsiria: "Baba, anataka kujua bibi alikuwa mtu wa namna gani."

Nilieleza kwa muda. Nilipomaliza, binti yangu akamgeukia mtoto, akasema maneno machache sana. Mtoto akasema "Ah bon," yaani "Kumbe," akaenda kucheza. Nilibaki nimeshika simu nikijiuliza ni kipi kilichovuka na kipi kilichobaki njiani. Mimi ni mtu wa mpakani, naona kila siku jinsi mzigo unavyopungua ukipita mikononi mwa watu. Niliamua kwamba siku moja nitamjibu mtoto yule mwenyewe.

Nafanya kazi langoni mwa yadi ya malori, upande wa Uganda. Lori ambalo karatasi zake hazijakamilika huja kungoja kwetu, nami huandika namba yake, mzigo wake, linakotoka na linakokwenda. Zamani nilikuwa nikikusanya habari za mpakani kwa ajili ya redio ndogo, na tabia ya kuuliza haijanitoka. Madereva wengi ni Wakenya, lakini wapo pia wa Kongo na Burundi wanaorudi kwao na mizigo kutoka Mombasa, na hao wakikasirika hukasirika kwa Kifaransa. Ndio waliokuwa walimu wangu.

Tabu ya shule ile ni kwamba mwalimu akipata karatasi zake huondoka. Wa kwanza alinifundisha salamu. Wa pili akaanza tena na salamu. Kwa miezi kadhaa nilijua kumsalimu mtu kwa ufasaha mkubwa, kisha nikawa sina la kumwambia.

Halafu akaja dereva mmoja wa Bukavu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, amebeba vigae. Karatasi zake zilikuwa na kasoro fulani, na kila asubuhi aliambiwa kesho. Aliniuliza Kifaransa nakitakia nini. Nikamwambia nataka kumweleza mtoto jinsi bibi yake alivyokuwa.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Papa, pale utahitaji imparfait," akasema. "Ile ya mambo yenye yalikuwa yanafanyika, yanafanyika, na hakuna mtu alifunga mlango."

Akaninyooshea kidole lori lake. "Nous attendons, sisi tunangoja. Unaona? Attend, hiyo ni kichwa ya lori. Ons, hiyo ni trela. Toa trela, acha kichwa, funga trela ingine. Elle attendait. Alikuwa anangoja."

"Na malori yote yanafungwa hivyo?"

"Yote. Isipokuwa être, ile "kuwa". Huyo ni kama gari ya serikali, hapangi foleni."

Tulifanya mazoezi kwa vitu vilivyokuwa mbele ya macho yetu. Dereva alikuwa akilala. Ofisa wa forodha alikuwa akila. Tulikuwa tukingoja, mlikuwa mkingoja, walikuwa wakingoja. Alipenda kumalizia kila sentensi kwa neno "chef", nami nikawa namalizia hivyo hivyo. Nilidhani ni adabu ya lugha yenyewe, kama sisi tunavyotia "mzee" au "mama" mwishoni ili maneno yasiwe makavu.

Nyumbani, nikiwa nangoja maji yachemke, nilijaribu kumtia mke wangu ndani ya sentensi hizo. Hapo nikagundua tatizo ambalo dereva hakuweza kunisaidia. Trela nilikuwa nazo, mzigo sikuwa nao. Mke wangu aliuza samaki wakavu Tororo. Siku za soko alitoka asubuhi na mapema, akarudi jioni amechoka, akala, akalala. Nilimjua mtu wa jioni. Mtu wa mchana nilikuwa simjui, na watu wenye habari zake walikuwa Tororo.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda. Nilipata safu ya wauza samaki, na mama mmoja mnene aliyekuwa jirani wa meza ya mke wangu alinitambua kabla sijamfikia. Meza ya mke wangu sasa ilikuwa na viatu vya mitumba.

"Aa, muzee! Umepotea! Siku ya mazishi ulisema utakuja kutusalimia, sasa ndio nakuja?"

Nilimwomba radhi, nikamwambia nimekuja kuuliza mke wangu alikuwa akifanya nini pale.

"Nauliza mimi?" Akawageukia wenzake. "Sikia huyu! Mwanaume wake nauliza mimi!" Wakacheka wote, nami nikacheka kidogo. Kisha akasogeza ndoo, nikakaa.

Aliniambia kwamba mke wangu hakukaa akitazama wateja kama wengine. Alikaa ubavu, uso kwenye ule mwamba mkubwa ulio juu ya mji. Mwamba ukianza kufunikwa na wingu, alikuwa akikunja turubai na kufunga magunia, hata kama jua lilikuwa linawaka sokoni. Wenzake walikuwa wakimcheka, wakimwita mama wa mwamba. Mvua ilipowapiga, yeye alikuwa ameshakaa chini ya baraza la duka la saruji, anakula hindi la kuchoma na kuwapungia mkono.

"Tulikuwa natukana yeye sana," yule mama akasema. "Ananyesha sisi, yeye nacheka. Alikuwa nacheka mpaka analia."

Niliishi na mwanamke huyo miaka mingi, na sikuwahi kumwona akicheka hadi machozi. Nilimshukuru mama yule, nikanunua samaki nisiowahitaji, nikasimama kidogo kuutazama mwamba. Ulikuwa wazi kabisa.

Niliporudi kazini yadi ilikuwa na nafasi. Pale lori la vigae lilipokuwa limeegeshwa palikuwa na doa la oili na kopo la maziwa ambalo dereva alikuwa akichemshia chai. Karatasi zake zilikuwa zimetoka asubuhi ile. Mlinzi mwenzangu alisema dereva alipiga honi mara kadhaa langoni, akidhani nimo ndani.

Jumapili ilipofika nilimwomba binti yangu ampe mtoto simu, kisha asitafsiri kitu. Mtoto akasema jina langu kamili, babu asante. Nikavuta pumzi.

"Ta grand-mère vendait du poisson, chef," nikasema. Bibi yako alikuwa akiuza samaki.

Kikaja kicheko, na sauti ikipiga kelele mbali na simu: "Maman! Papi m'appelle chef!" Mama, babu ananiita chef!

Nilimsikia binti yangu akicheka naye. Akanieleza kwa sauti kwamba chef ni neno ambalo madereva huko humwambia askari wa barabarani, wakitaka kuachiwa wapite. Nilitamani kukata simu. Lakini mtoto alikuwa ameshairudia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito.

"Papiers!" akasema. Karatasi!

Neno hilo nililijua. Nililisikia kila siku. Nikajibu kwamba karatasi zote zipo, chef.

Bibi alikuwa akibeba nini? Samaki, chef. Alikuwa akienda wapi? Tororo, chef. Alikuwa akitazama nini? Mwamba, chef. Kwa nini? Kwa sababu ya mvua, chef. Alikuwa akiogopa mvua? Hapana, chef, alikuwa akicheka. Aliuliza kama askari wa kweli, swali moja juu ya jingine bila huruma, na kila mara nilitoa trela, nikafunga nyingine. Nilikosea mahali pengi. Alinielewa.

Kisha akaguna kama anayekagua gari kwa nyuma.

"Et toi, Papi, tu es seul?" Na wewe, uko peke yako?

Swali hili halikuwa la mambo yaliyopita. Nilitazama chumba changu, sahani moja mezani, wale samaki wa Tororo bado kwenye gazeti.

"Oui, chef."

"Attendez ici," akasema. Ngoja hapa.

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, miguu midogo ikikimbia, mlango, sahani zikigongana, televisheni, binti yangu akiuliza jambo na mtoto akijibu kwa haraka nisiyoweza kuifuata. Sikujua kama anarudi au ameitwa kula. Sikukata simu. Nilivuta kiti karibu na dirisha ambako mtandao hushika vizuri, nikakaa, nikangoja.